Kizazi Kimeshuka Tangu Nijifungue, na Mume Wangu Hajui

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nina umri wa miaka 29, na ninaishi katika kijiji kimoja cha mwambao wa Ziwa Tanganyika, kaskazini ya mji wa Kigoma, ambako usafiri wetu mkubwa ni boti zinazokwenda Kibirizi. Mume wangu ni mvuvi wa dagaa, nami hupika mawese. Jambo ninalokuandikia sijamwambia mtu yeyote isipokuwa mama mkwe wangu, na yeye nilimwambia kwa kuwa aliniona natembea vibaya akanibana kwa maswali.

Miezi saba iliyopita nilijifungua mtoto wa kiume mwenye uzito wa kilo 4.1. Uchungu ulikuwa mrefu, na wanawake waliokuwa nami waliniambia nisukume usiku kucha kabla mkunga hajanipima kuona kama njia imefunguka. Nilichanika, nikashonwa, na siku ya kuruhusiwa niliambiwa kwamba kila kitu kiko sawa. Arobaini haikutimia nikarudi kwenye kazi zangu: kuteka maji na kupanda nayo mlima kwa ndoo ya lita 20 kichwani, kuchemsha chikichi, kuzitwanga, na kuzungusha ile mashine ya kukamulia ambayo mtu huisukuma kwa mti huku akiizunguka. Jioni moja nilichuchumaa kuoga, na mkono wangu ukagusa nyama laini yenye unyevu imetokeza kwenye mlango wa uke. Nilipolala ilirudi ndani, asubuhi sikuiona, lakini jioni ya pili yake ilikuwapo tena, na hali imeendelea hivyo hadi leo.

Tangu hapo ninahisi uzito chini ya kitovu, kana kwamba kitu kinataka kudondoka, na kiuno huniuma kila nikisimama muda mrefu. Nikikohoa au nikicheka mkojo hunitoka kidogo, na mara nyingine nikimaliza haja ndogo ninajiona bado sijamaliza. Nimepunguza hata kusali kwa sababu sijui kama nina twahara.

Mama mkwe alisema kizazi kimeshuka kwa sababu nilitoka nje kabla ya arobaini, akanikalisha juu ya mvuke wa majani, kisha akanipa unga wa shabu wa kujiweka ndani ili kukaza. Ulinichoma sana, nikatokwa na maji mazito kwa siku kadhaa, nikaacha. Jirani yetu mmoja, katika mazungumzo ya jumla tu, alisema kwamba wanaopatwa na hali hiyo ni wanawake wasiotulia katika ndoa, na kwamba dawa yake ni kukatwa kizazi. Nilinyamaza kimya.

Mume wangu hukaa nyumbani siku za mbalamwezi, wakati dagaa hawavuliwi, na siku hizo ndizo ninazoziogopa. Ninasingizia kuumwa kichwa, ninasingizia mtoto, na sasa ameanza kuniuliza kama nimemchoka. Shangazi, huu ni ugonjwa gani? Je, unatibika bila kuondolewa kizazi? Nimwambieje mume wangu? Na je, ninaweza kuzaa tena?

Mama Watatu, Mwambao wa Kigoma

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa maumivu na kwa miezi yote hii ya kuyabeba peke yako.

Nianze na lile la jirani, kwa sababu ninaona ndilo lililokufunga mdomo kuliko mengine yote. Kushuka kwa kizazi hakuna uhusiano wowote na tabia ya mwanamke katika ndoa. Si ugonjwa wa kuambukizwa, si saratani, wala si alama ya jambo lolote ulilolifanya kwa siri. Ni jeraha la misuli na kano, na chanzo chake kikubwa ni lile lile ambalo ukoo mzima ulikuja kukupongeza kwalo, yaani kuzaa.

Chini ya tumbo la mwanamke, kuanzia mfupa wa mbele hadi mfupa wa mkia, kuna misuli iliyotandazwa ambayo juu yake hukaa kibofu, kizazi na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Wewe umelala kwenye kitanda cha kamba, kwa hiyo utanielewa nikisema kwamba misuli hiyo ndiyo kamba zenyewe: zikilegea, godoro halipasuki wala halipotei, bali linabonyea katikati. Mimba huzilegeza, kupita kwa kichwa cha mtoto huzivuta mno, na mtoto mkubwa, uchungu mrefu au kusukuma kabla ya wakati huweza hata kuzichana mahali zilipojishikiza kwenye mfupa. Kinachotokeza kinaweza kuwa kizazi chenyewe, lakini mara nyingi ni ukuta wa mbele wa uke ulioelemewa na kibofu, au ukuta wa nyuma ulioelemewa na utumbo. Kwa kuwa mkojo hukutoka ukikohoa na tena huhisi hujamaliza, ninashuku kwamba kibofu kimo katika habari hii, ingawa mwenye kusema kwa hakika ni yule atakayekupima.

Maelezo yako kwamba kitu hicho hurudi ndani ukilala na kutokeza jioni ndiyo sura ya kawaida kabisa ya tatizo hili. Nawe si mmoja katika kijiji kizima. Utafiti uliofanyika vijijini mkoani Kilimanjaro na kuchapishwa mwaka 2018 uliwapima wanawake wa vijijini zaidi ya 1,000, na zaidi ya nusu yao walikutwa viungo vyao vya nyonga vimeshuka kwa kiwango kinachoonekana, ingawa walioshuka vibaya hawakufika mmoja katika kila kumi. Miongoni mwa mambo yaliyohusishwa na hali hiyo ni kuzaa mara nyingi, kazi ya kilimo, na kubeba mizigo ya kilo 10 au zaidi kwa saa nyingi za siku. Ndoo yako ikijaa ina kilo 20 za maji kabla hatujaipima ndoo yenyewe. Kwa hiyo wanawake unaopishana nao njiani ukitoka kuteka maji, baadhi yao wanatembea na siri kama yako, na huenda huyo jirani aliyesema kwa kujiamini kiasi kile ni mmoja wao.

Mama mkwe wako ana haki kwa upande mmoja. Pumziko la arobaini lina maana, kwa sababu misuli iliyovutwa inahitaji wiki nyingi za kurudiana bila mzigo, na ningependa familia zetu zilitunze pumziko hilo kuliko zinavyofanya sasa. Lakini kukosa pumziko kulizidisha tu jeraha ambalo lilikwisha kutokea wakati wa kujifungua, kwa hiyo usijihukumu, na wala yeye asikuhukumu. Kuhusu dawa zake, hapo sikubaliani naye hata kidogo. Mvuke wa moto huweza kuunguza ngozi laini ya uke na hauwezi kukaza msuli ulio ndani. Shabu, kama ulivyojionea mwenyewe, huchoma, husababisha vidonda na kufungua njia ya maambukizi, na kovu linalobaki linaweza kufanya tendo la ndoa liwe na maumivu kwa muda mrefu. Ugoro na unga wa majani yoyote yale uviweke katika kundi hilo hilo. Mwambie kwa adabu kwamba unamshukuru kwa kukuhangaikia, ila daktari amekataza kuweka kitu chochote ndani. Hata kama hujafika kwa daktari bado, mimi ninakupa ruhusa ya kuitanguliza sentensi hiyo, kwa kuwa hakuna daktari atakayesema vinginevyo.

Sasa tuzungumzie matibabu. Kizazi hakikatwi kwa sababu tu kimeshuka, na upasuaji huwa ni hatua ya mwisho. Hatua ya kwanza ni mazoezi ya misuli ya nyonga, ambayo wataalamu wengi huyaita mazoezi ya Kegel kwa jina la daktari Mmarekani Arnold Kegel, aliyeandika habari zake mwaka 1948. Lala chali, kunja magoti, kisha kaza kama mtu anayezuia upepo wa tumboni na mkojo kwa pamoja, ukiuvuta msuli kwenda juu na ndani. Matako, mapaja na tumbo vibaki vimelegea, na pumzi isizuiwe, maana ukijikuta umefumba mdomo na kukunja uso, ujue unasukuma chini badala ya kuvuta juu. Shikilia kwa hesabu ya tano, uachie kabisa kwa hesabu ile ile, na urudie mara nane hadi kumi. Fanya hivyo mara tatu kwa siku, na kadiri siku zinavyokwenda ongeza hesabu hadi kufikia kumi. Ukizoea, yafanye umekaa unamnyonyesha mtoto, na hatimaye ukiwa umesimama jikoni, ambako hakuna atakayejua unachofanya. Usijizoeze kwa kukatakata mkojo ukiwa chooni, kwa sababu hilo huzuia kibofu kisijimalize vizuri. Zaidi ya hayo, jenga mazoea ya kukaza msuli kwanza, kisha ndipo ukohoe, upige chafya au umwinue mtoto. Hilo moja peke yake huzuia mkojo mwingi kutoka.

Mazoezi haya hayaleti matokeo kwa wiki moja. Yahesabie miezi mitatu hadi minne ya kila siku, na mtaalamu wa mazoezi ya viungo akikufundisha ana kwa ana utafaidi zaidi, kwa sababu wanawake wengi huyafanya kinyume bila kujua. Kwa aliyeshuka kidogo au kiasi, hupunguza uzito, huzuia mkojo na mara nyingine hupandisha kilichoshuka. Tena una jambo moja la kukupa matumaini: mwili wa mama anayenyonyesha huwa na homoni chache za kike, uke huwa mkavu na nyama zake huwa dhaifu, na baadhi ya wanawake huona nafuu hali hiyo inapobadilika mtoto anapopunguza kunyonya. Usimwachishe mtoto ziwa kwa ajili hiyo. Ninachotaka ujue ni kwamba hali uliyonayo leo si lazima iwe ndiyo utakayokuwa nayo mwakani.

Hatua ya pili, ambayo inaweza kwenda pamoja na mazoezi, ni pete. Ni kifaa cha silikoni laini ambacho mtoa huduma hukipima kulingana na ukubwa wa uke na kukiweka ndani ili kiinue kilichoshuka. Wazo lenyewe ni la kale mno, kiasi kwamba matabibu wa Ugiriki ya zamani walitumia nusu ya komamanga, na tushukuru kwamba sisi tumezaliwa zama za silikoni. Pete ikikutosha vizuri huisikii, unaweza kufanya kazi nayo, na mara nyingi hata tendo la ndoa hufanyika ikiwa ndani. Wapo wanawake wanaofundishwa kuitoa, kuiosha na kuirudisha wenyewe. Wengine huihudhuria kliniki kila baada ya miezi michache ili isafishwe na uke uangaliwe kama haujachubuka. Usiipate ukaisahau, kwa maana pete iliyotelekezwa mwilini huweza kutoboa nyama.

Upasuaji upo kwa walioshuka sana au ambao njia hizo mbili hazikuwafaa. Kuna upasuaji wa kurekebisha kuta za uke, kuna wa kukiinua kizazi na kukishikiza mahali pake bila kukiondoa, na kuna ule wa kukiondoa. Madaktari hupendelea kusubiri hadi mwanamke amalize kuzaa, kwa sababu uzazi mwingine huweza kuharibu kilichorekebishwa, na hata bila uzazi tatizo linaweza kurudi baada ya miaka. Mwanamke wa miaka 29 mwenye mtoto wa miezi saba hapaswi kukimbilia huko.

Uanzie wapi? Mtoto wako hupelekwa kupimwa uzito, nawe husimama kwenye foleni hiyo hiyo na kurudi nyumbani bila mtu kukuuliza hali yako. Ni dosari ya kliniki zetu, kwamba mtoto akishazaliwa mama hugeuka kuwa mbebaji wa kadi. Usingoje chanjo ya surua ya miezi tisa, safari ijayo mwombe muuguzi mzungumze faragha, umwambie maneno haya: “Tangu nijifungue kuna nyama inatokeza ukeni na mkojo unanitoka nikikohoa.” Omba rufaa ya kumwona daktari wa magonjwa ya wanawake katika hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, ambayo ukishafika Kibirizi kwa boti haiko mbali. Una haki ya kuomba mhudumu wa kike, ijapokuwa hutampata kila siku. Kliniki huwa asubuhi na utapimwa ukiwa umelala, wakati ambao kilichoshuka kimejirudia ndani, kwa hiyo usikubali kuambiwa huna kitu: eleza kwamba hutokeza jioni, na uombe upimwe ukiwa unajikamua kidogo au umesimama. Mweleze pia habari ya shabu, ili aangalie kama imeacha kidonda au maambukizi.

Zipo dalili ambazo hazisubiri siku ya kliniki: mkojo ukigoma kutoka kabisa, ukipata homa na maumivu makali ya tumbo, nyama iliyotokeza ikigeuka rangi, ikitoka damu au ikakataa kurudi ndani. Na kama siku moja utaona mkojo au kinyesi kinachuruzika usiku na mchana bila kukohoa wala kujikaza, hiyo huenda ni fistula, yaani tundu kati ya uke na kibofu au utumbo, jambo jingine kabisa, nalo linatibiwa kwa upasuaji.

Nyumbani, adui zako ni vitu vinavyosukuma tumbo kwenda chini. Choo kigumu ni cha kwanza. Ugali wa muhogo mtupu huchangia, na vidonge vya kuongeza damu kama unavimeza huchangia pia, kwa hiyo kunywa maji ya kutosha, kula maharage, mboga za majani na papai, na usijikamue chooni. Kikohozi kisichoisha wiki mbili kikapimwe. Khanga ya kufunga tumbo usiikaze sana, kwa sababu mbano wa katikati hukandamiza vilivyo juu viende chini. Jioni uzito ukizidi, lala chali kwa nusu saa ukiwa umeweka mto chini ya makalio. Kuhusu sala, kutokwa na mkojo bila hiari ni udhuru unaotambulika. Mwenye udhuru huo hujisafisha, hujisitiri kwa kitambaa, na hutawadha kwa kila sala baada ya wakati wake kuingia. Mwalimu wa kike katika madrasa yenu atakueleza vizuri zaidi yangu, lakini sala usiiache.

Tumefika kwenye ndoo na mashine, na hapa ndipo mume wako anapoingia, kwa sababu hakuna zoezi litakaloshinda lita 20 za maji mlimani kila asubuhi. Mwambie siku za mbalamwezi, lakini mchana, watoto wakiwa nje, wala si usiku kitandani ambako kila neno litasikika kama kisingizio kingine. Unaweza kusema hivi: “Baba watoto, sijakuchoka. Uzazi wa huyu mtoto uliniumiza ndani, misuli imelegea, kizazi kinashuka nikibeba mzigo. Ninaona aibu na ninaumia, ndiyo maana nimekuwa nikikukwepa. Kuna matibabu, na ninataka twende wote Maweni.” Mwanamume anayefikiri amechokwa, akiambiwa kwamba mkewe ameumia, mara nyingi hupumua kwanza, kisha huuliza afanye nini. Hapo uwe na jibu mkononi: maji ayateke yeye au alipwe kijana, wewe ubebe nusu ndoo tu kwa lazima, na mti wa mashine ya kukamulia usukumwe na kibarua, hata kama malipo yake yatapunguza faida ya mawese. Mkiona ghali, mpige hesabu ya nauli na matibabu ya upasuaji, ndipo mlinganishe.

Tendo la ndoa si hatari kwako na halitaongeza kushuka, ila mnahitaji subira kwa sababu ya ukavu wa wakati wa kunyonyesha. Ukilala, kilichoshuka hurudi ndani na hakizuii. Siku ambayo kuna maumivu, sema, na aache. Asipokuelewa mara ya kwanza, muuguzi au daktari amweleze mbele yako, kwa kuwa wako wanaume wanaoamini koti jeupe kuliko kilio cha nyumbani.

Kuzaa tena unaweza, lakini si sasa. Jipe angalau miaka miwili kabla ya kushika mimba nyingine, na unapochagua njia ya uzazi wa mpango mweleze mtoa huduma hali yako, hasa kama unafikiria kitanzi au kama utakuwa umepewa pete. Mimba itakapokuja uzito utaongezeka kwa muda, kwa hiyo sema habari hii tangu hudhurio la kwanza, na panga kujifungulia hospitalini badala ya kungoja uchungu ukukute kijijini wakati ziwa limechafuka. Kuzaa kwa kisu hakuhitajiki kwa sababu hii peke yake. Daktari atapima mtoto, nyonga na uzazi wako uliopita kabla ya kukushauri. Ila safari hiyo usisukume hadi mkunga akupime na kukuambia njia imefunguka kabisa, hata kama shangazi zako wote wamesimama mlangoni wakipiga kelele.